Ukuta wa Nyuma ya Birika

Pittsburgh, 8 Septemba 1974

Mdogo wangu Zella,

Habari za Detroit? Goti lako vipi, na yule paka mwizi bado unamfuga? Mimi ni mzima mwili wote isipokuwa vidole, na vidole ndivyo vilivyonirudisha huku. Daktari alivigeuzageuza kama mtu anayechagua karoti sokoni, akasema ni baridi yabisi. Nikamuuliza nitapiga besi mpaka lini. Akatazama dirishani. Basi nimeiuza, Zella. Miaka thelathini na sita nimelibeba dude lile la nyuzi lililonizidi kimo, kwenye mabasi, kwenye ngazi za nyuma za mahoteli yaliyotaka muziki wetu lakini hayakutaka sisi weusi tulale humo, na kuliuza kulichukua dakika kumi. Nilikaa kwenye ngazi za nje nikalia mpaka jirani akaniletea maji.

Nimehamia nyumba ya marehemu Mama. Siku ya tatu nikajikuta nimeshika penseli bila kukusudia. Unakumbuka nilikuwa mwaka wa pili chuo cha sanaa nilipotoroka na okestra? Mama alikaa miezi haniandikii. Kumbe mkono haukusahau! Vidole vinavyoshindwa kubana nyuzi vinashika brashi bila ugomvi. Nachora tangu asubuhi mpaka kahawa inapoa mezani.

Sasa sikia kubwa. Jumapili iliyopita niliwachora mashemasi wa kanisa la Siloamu wakisinzia katikati ya mahubiri, midomo wazi. Shemasi Weems akaninyang'anya karatasi. Nikajua nimekwisha. Baada ya ibada ananiita ofisini, anacheka mpaka meno ya bandia yanacheza, ananiambia, "Lemuel, ukuta wa nyuma ya birika la ubatizo ni wako. Ile picha ya mto ya zamani tumeikwangua. Tuchoree Yordani ya maana kabla ya Pasaka." Nimekuwekea humu mchoro mdogo wa mto ninaoufikiria.

Nimetaka wewe ujue kabla ya wengine, maana kazi ya kuchora kuta ni yako na mimi nitakuwa mwanafunzi wako.

Kaka yako,
Lem


Detroit, 29 Septemba 1974

Kaka Lem,

Barua imefika na mchoro umefika. Goti linauma kukiwa na mvua, na paka kaiba kuku mzima Jumanne. Pole sana kwa vidole. Hiyo pole ni ya kweli. Sasa nisikilize yasiyo ya pole.

Nimeisoma barua yako nimesimama jikoni, maharagwe yakaungua. Ukuta wa Siloamu! Lem, unajua nimechora Yordani ngapi? Arobaini na moja. Detroit, Flint, Saginaw, Toledo. Siku za kazi nilishona viti vya magari kiwandani, Jumamosi nikapanda ngazi kuwachorea Wabaptisti mto wao, na hakuna hata kanisa moja lililoniambia niandike jina langu pembeni. Siloamu, kanisa nilikobatizwa mimi, nimewaandikia mwaka sitini na tatu, sitini na saba, na sabini. Mara zote tatu Weems alinijibu, "Dada Ozella, tuombeane, wakati bado." Kumbe wakati ulikuwa unakungoja wewe umalize kuzurura.

Unarudi, wiki tatu tu, unachora vichekesho ndani ya ibada, unapewa! Mimi ningemchora shemasi akikoroma ningetengwa na kanisa.

Na ndivyo ilivyokuwa siku zote. Picha yako na okestra, umevaa suti nyeupe, Mama aliitundika sebuleni juu ya redio. Picha yangu ya mto Allegheny, ile niliyoihangaikia kiangazi kizima, aliitundika kwenye ujia wa chooni, akasema pale pana mwanga mzuri. Nina wivu, Lem. Ninaliandika neno lenyewe usije ukadhani nasumbuliwa na goti.

Mdogo wako,
Ozella


Pittsburgh, 6 Oktoba 1974

Zella mdogo wangu,

Sijui nianze na salamu au na kuomba radhi. Goti lipone, maharagwe yasiungue tena. Kuhusu zile barua zako tatu sikujua kitu, naapa. Na ile picha ya Allegheny imo mkononi mwangu sasa hivi, nimeitoa ujiani.

Juzi nilimfuata Weems nyumbani kwake. Nikamwambia, "Ozella ana Yordani arobaini na moja, mpeni yeye." Alikuwa anakata pai ya viazi vitamu, hata hakuinua macho. "Ozella ni fundi," akasema. "Tunataka msanii." Nilitamani kumpaka ile pai usoni. Nakuandikia maneno yake kama yalivyo kwa sababu sikuzoea kukuficha kitu.

Sema neno moja tu, nikatae. Nitakataa siku hiyohiyo na sitakulaumu. Ila kweli niiseme: naomba usiseme. Nina miaka hamsini na sita. Ukuta huu ukinipita sina mwingine, nitakaa barazani niwe yule mzee aliyewahi kupiga besi.

Na kama utaniruhusu, nifundishe ukuta unaanzwaje. Napaka nini kwanza? Chuoni nilitoroka kabla hatujafika kwenye kuta.

Kaka yako,
Lem


Detroit, 20 Oktoba 1974

Kaka Lem,

Huku hatujambo, mimi na mwizi wangu. Usikatae. Chora.

Osha ukuta kwa maji ya moto na sabuni, uuache wiki mbili ukauke. Anza na mkaa, na uchore ukiwa umesimama ndani ya birika, maana anayebatizwa ndiye anayeuona mto kwa karibu. Mstari wa maji ya mto ukutane na mstari wa maji ya birika, ama sivyo mchungaji ataonekana kasimama hewani. Kisha rangi ya mafuta, anza na mbingu ushuke. Usiweke njiwa. Kila mtu anaweka njiwa. Basi, ni hayo tu.

Ya Weems nimeyasikia. Fundi anakusalimu.

Mdogo wako,
Ozella


Pittsburgh, 23 Februari 1975

Zella wangu,

Uko salama? Krismasi imepita bila hata kadi, nikajiambia ni kazi zimekubana. Mimi sijawahi kuwa na afya hivi. Nalala kama mtoto, naamka kabla ya kengele.

Ukuta umekaribia kwisha! Nilikuwa najiuliza kwa nini mto wangu haufanani na mito mingine, nikagundua ni mambo ya besi. Miaka yote ile nilisimama nyuma. Dunia niliyoiona mimi ni migongo: mgongo wa mpiga tarumbeta, mgongo wa mwimbaji na zipu yake iliyokwama. Ikifika zamu yangu ya kupiga peke yangu, watu wanaagiza vinywaji, wengine wanakwenda msalani. Wanaporudi ndipo wanapiga makofi. Besi ikiwepo hakuna anayeisikia. Ikinyamaza, wacheza dansi hawajui tena wakanyage wapi. Basi mto nimeuchora hivyo, mzito, wa chini, hauna mapovu wala haraka.

Watu wanapita kutazama. Unamjua Bi Corinthia Moseley wa nyumba ya pili, miaka themanini na mmoja, ambaye amewakatalia ubatizo wachungaji watano kwa hoja kwamba maji yatamharibia nywele? Alikaa benchi la mbele saa nzima, mkoba magotini. Kisha akasema, "Kwenye huo nitaingia." Zella, nililia na brashi mkononi. Miaka yangu yote ya muziki hakuna mtu aliyewahi kuniambia kitu kama hicho.

Gazeti nalo limekuja, wamenipiga picha nikiwa ndani ya birika na viatu vya Baba. Njoo Pasaka. Nauli ya basi juu yangu. Nataka usimame pale pamoja nami watu wanapoingia majini.

Kaka yako,
Lem


Detroit, 9 Machi 1975

Kaka,

Salamu. Gazeti limenifikia. Nimeletewa na watu watatu, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na tabasamu lake. Nimelisoma mara sita nikitafuta jina langu. "Kazi ya kuta alijifundisha mwenyewe," wameandika. Alijifundisha mwenyewe! Haya.

Pasaka siwezi kuja. Nina kazi.

Ozella


Pittsburgh, 2 Aprili 1975

Zella,

Natumaini u mzima. Nakuandikia kabla hujasikia kwa watu wengine.

Kwanza lile neno la gazetini si langu. Jina lako nilimtajia mwandishi mara mbili, nikamwandikia na herufi zake, akalitupa.

Pasaka ilikuja na baridi, theluji bado imelala pembeni mwa barabara. Kwa ajili ya Bi Corinthia mashemasi wakayapasha maji moto kuliko kawaida yao. Watu saba wa kubatizwa, kanisa limejaa mpaka kwenye ngazi. Mimi niko benchi la pili. Kwaya inaimba taratibu, mvuke unapanda, mtu wa kwanza salama, wa pili salama. Wa tatu akiwa majini nikaona mbingu yangu imeota malengelenge. Nikasema ni macho. Zamu ya Bi Corinthia, kipande cha mbingu chenye ukubwa wa sinia kikaachia. Alipoibuliwa majini alikuwa na buluu nywele zote, buluu kanzu nzima, anamuuliza mchungaji, "Nimefika?"

Kanisa zima likaangua kicheko. Mchungaji alicheka mpaka akamshikilia Bi Corinthia asianguke. Hata mimi ningecheka ingekuwa kazi ya mwingine. Kisha ikaendelea kushuka, kipande baada ya kipande, juu ya wale watatu waliobaki. Watu wakaacha kucheka, wakaanza kunitazama kwa huruma. Sikungoja baraka ya mwisho.

Weems alinikuta mlangoni. "Kila mtu abaki na kazi aliyoizoea, Lemuel," akasema. Brashi zote nimezitia kwenye pipa la taka, na gari la taka limepita leo asubuhi. Nilifuata kila ulichoniambia, Zella. Sijui nilikosea wapi.

Kaka yako,
Lem


Detroit, 15 Juni 1975

Kaka yangu Lem,

Sina haki ya kukuuliza hali yako, lakini nauliza. U mzima? Unakula?

Barua hii nimeianza mara tisa. Kuta za birika hutoka jasho, Lem. Maji yakipashwa moto, ukuta unakunywa mvuke kisha unatema rangi. Lazima uuzibe kwanza kwa vanishi nzito, mipako miwili, ndipo uanze kuchora. Hakuna mchoraji wa Yordani asiyelijua hilo. Mimi nililijua mwaka arobaini na sita, Toledo, mto wangu wa kwanza ulipomwangukia mama mkwe wa mchungaji. Uliniuliza, "Napaka nini kwanza?" Swali lenyewe hasa. Nikakuandikia habari za njiwa.

Sikusahau. Usije ukanitetea kwamba nilisahau. Niliandika "vanishi", nikaikunja ile karatasi, nikaichoma kwenye jiko, nikaanza nyingine. Mchoro wako ulikuwa mezani mbele yangu. Ulikuwa mzuri mno. Nikaona miaka yangu yote ya kupanda ngazi imepitwa na mtu aliyeshika penseli siku tatu, na juu yake lile neno "fundi" likinikwaruza masikioni. Nikasema moyoni, acha na yeye aone. Nilidhani itachubuka kidogo pembeni, uaibike kidogo. Nilikuwa najipimia ubaya kwa kijiko, kana kwamba mdogo hauhesabiki.

Na sasa kuna jingine. Weems ameniandikia. Ukuta wa Siloamu ni wangu, nije Julai. Miaka kumi na miwili nimeulilia, na barua yake nimeisoma kama mtu aliyeitwa mahakamani. Lakini amesema na hili: "Kaka yako ametueleza kwamba ulimwonya kuhusu vanishi, naye akapuuza kwa haraka zake."

Lem, sikukuonya. Kwa nini umesema hivyo?

Mdogo wako,
Ozella


Pittsburgh, 22 Juni 1975

Zella,

Ninakula. Usingizi ndio shida.

Nimejua tangu Jumatatu ya Pasaka. Nilikwenda kwa muuza rangi kumuuliza, akanikodolea macho. "Hukuziba ukuta? Nani alikufundisha kazi?" Nilikaa juu ya ndoo ya rangi mle dukani mpaka akataka kuniitia gari la wagonjwa. Kwa hiyo nilipokuandikia kwamba sijui nilikosea wapi, nilikuwa najua. Nilikuwa nakungoja useme mwenyewe. Nimengoja zaidi ya wiki kumi.

Unauliza kwa nini. Mwimbaji akipotea katikati ya wimbo, akaruka mstari mzima, mpiga besi hasimami kumtazama. Anaruka naye palepale, kwa nguvu, ili watu wadhani aliyekosea ni besi. Ndiyo kazi yetu, na hakuna anayekushukuru. Weems aliponihoji baadaye nilikosea nini, mdomo uliruka wenyewe kabla sijafikiri. Usidhani ni wema. Ningefikiri kwanza, ningekutaja kwa jina mbele ya kanisa zima.

Maana nimekasirika, Zella. Nimekasirika mpaka jina lako linanikaba. Hukuharibu ukuta tu. Ulinifanya niamini kwamba mkono wangu ndio uliooza.

Na mimi nina langu. Mwaka arobaini na tisa tulipopiga Detroit, nilikuambia basi halikupata nafasi ya kusimama. Lilisimama saa nne nzima. Nilikwenda peke yangu kwenye kanisa ulikochora, nikaiona Yordani yako, nikakumbuka kwamba mchoraji wa nyumba yetu nilitakiwa niwe mimi. Nami nimevaa suti ya kuazima, nakwenda kupiga dum-dum nyuma ya migongo ya watu. Nikaondoka bila kubisha hodi kwako. Wewe na mimi tumenyonya titi moja, na wivu ulikuwa humohumo.

Njoo uchore. Kazi unaiweza. Mimi nakwenda Newark kwa rafiki yangu mpiga ngoma, sitaki kukuona ukipanda ngazi ile. Ufunguo wa nyumba uko kwa Bi Corinthia.

Kaka yako,
Lem


Pittsburgh, 19 Julai 1975

Kaka yangu,

Hujambo huko Newark? Bi Corinthia anakusalimu. Ana buluu bado nyuma ya sikio na amekataa isitolewe, anasema ndicho cheti chake.

Nilifika kanisani Jumatatu na visu vyangu vya kukwangulia. Lem, hakuna aliyekuambia? Mbingu yote imeanguka, lakini mto haujatikisika. Aliyejenga lile birika aliuziba ukuta mwenyewe mpaka usawa wa kifua, na mto wako wote umekaa humo chini. Upo mzima, kama ulivyouacha. Weems alikuwa ameufunika kwa shuka ili watu wasikumbuke.

Nilikuwa peke yangu. Wazo langu la kwanza, nakuambia lilivyokuwa, lilikuwa kuukwangua. Ningesema nao uliharibika, na nani angebisha? Niliketi ndani ya birika kavu, kisu magotini, mpaka saa saba mchana. Yordani zangu arobaini na moja watu wanaziingia kwa sababu ndizo zilizopo. Mto wako unamwita mtu. Nilijua tangu ule mchoro wa penseli, ndiyo maana niliificha vanishi. Weems hana adabu, lakini lile alilosema la fundi na msanii ni kweli, na uchungu wake nimeumeza pale chini, peke yangu, nikalia kwa sauti kama mtoto aliyenyang'anywa.

Jumatano kwenye ibada ya maombi, ulipofika wakati wa ushuhuda, nilisimama. Nikasema kaka yangu hakupuuza onyo lolote, sikumwonya. Aliniuliza, nikanyamaza makusudi, kwa wivu. Weems akaniambia nikae. Nikaendelea. Akaniambia tena. Bi Corinthia akamwambia, "Kaa wewe." Nilipomaliza hakuna aliyenishika mkono isipokuwa yeye. Weems amesema sitaweka tone la rangi kwenye ukuta ule maisha yangu yote. Nikamwambia rangi siweki. Naweka vanishi, kisha naondoka.

Nimekwangua mabaki ya mbingu tu. Nimepaka mipako miwili, wa pili umekauka leo asubuhi. Nilimwomba mchungaji wajaze maji ya moto, nikasimama pale nikipitisha kiganja ukutani mpaka mvuke ukaisha. Hautoi jasho. Mto wako sikuugusa. Juu yake pako peupe. Ubatizo mwingine ni Jumapili ya mwisho ya Septemba, na mchungaji amesema anakungoja wewe. Una wiki kumi. Nimekununulia brashi, ziko mezani kwa Mama.

Mimi naondoka na basi la saa sita. Bado siwezi kukaa nikutazame ukiichora mbingu. Usinitumie picha wala gazeti. Siku nikiweza kusimama mbele yake bila mkono kutafuta kisu, nitakuja mwenyewe.

Mdogo wako,
Ozella